Folda Isiyovuka Maji

Katika ofisi ndogo za Dar es Salaam, cheo cha "mtu wa kompyuta" hakitangazwi gazetini wala hakina usaili. Kinakuangukia tu. Printa imemeza karatasi, wewe ukafungua kile kifuniko cha nyuma, ukaivuta taratibu bila kuichana, na watu wakakuona. Basi, umekwisha. Tangu hapo kila chenye waya ni chako: feni isiyozunguka, simu ya mezani inayokoroma, mashine ya EFD iliyogoma kutoa risiti, hata birika la umeme. Barua yangu ya ajira inasema mimi ni afisa mauzo. Barua hiyo niliipiga chapa mwenyewe, kwa sababu aliyetakiwa kuipiga alikuwa hajui alama ya nukta mbili inakaa wapi kwenye kibodi.

Tunauza vifaa vya ujenzi: bati, nondo, saruji, rangi na misumari ya kila umbo. Ofisi kuu iko mjini, mwendo mfupi kutoka Posta. Ghala liko Kigamboni, kwa kuwa mjini huwezi kulaza shehena ya bati bila kulipa kodi ya kukutoa machozi. Katikati yetu kuna mlango wa bandari, maji yale yale yanayopitisha meli ziendazo kupakua. Binadamu huyavuka kwa pantoni kutoka Magogoni, ama huzunguka Kurasini akapita Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016. Hizo ndizo njia za watu. Njia ya mafaili ilikuwa mfuko wa shati la kijana wa bodaboda.

Kila jioni watu wa ghala walijaza hesabu ya bidhaa kwenye faili la Excel, faili likaingizwa kwenye flashi, flashi ikakabidhiwa kijana, kijana akavuka. Msidhani naukejeli utaratibu huo. Ulikuwa na kasi kuliko intaneti yetu, haukuhitaji pasiwedi, na ukikwama unajua wa kumpigia simu. Kasoro yake ni kwamba faili likifika mjini lilikuta mwenzake, kwani na sisi huku tulikuwa na nakala yetu tunayoijaza. Majina yakaanza kuzaliana. STOO. STOO MPYA. STOO MPYA 2. STOO MPYA YA KWELI. STOO USIFUTE. Mwisho wa yote tukawauzia wateja wawili nondo zile zile, na wote wawili wakafika Kigamboni na malori asubuhi moja. Bosi alikwenda mwenyewe kuwasuluhisha. Aliporudi hakukaa hata kitini. Ofisi hizi mbili ziunganishwe, akasema, faili liwe moja, wa huku alione na wa kule alione. Katika kikao hakuna aliyepinga. Wote tuliafiki kwa vichwa, na wengine waliafiki kwa sauti. Jambo hilo tuliweke akilini, kwa maana tutarudi kwake.

Akaletwa fundi, kijana mpole mwenye mkoba wa nyaya na tabia ya kusema "hilo dogo" kabla hujamaliza kumweleza. Aliweka ruta mpya huku na nyingine kule, kisha akaziunganisha kwa VPN, ambayo ni njia ya faragha inayopitishwa ndani ya intaneti ya kawaida ili mitandao miwili iliyo mbali izungumze bila wapita njia kusikiliza. Taa ya kijani ikawaka pande zote mbili. Taa ile ilimridhisha kila mtu isipokuwa kompyuta zenyewe.

Kesho yake asubuhi akaja kupima. Akafungua kile kidirisha cheusi ambacho mafundi hupenda kukifungua watu wakiwa wamewazunguka, akaandika ping na namba ya kompyuta ya ghalani: 192.168.1.10. Ping ni programu ndogo iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss mnamo Desemba 1983, na jina alilitoa kwenye mlio wa chombo kinachotumiwa na manowari kutafutia vitu chini ya bahari. Hutuma ujumbe mdogo, husubiri mwangwi, hupima muda. Mwangwi ukarudi mara nne mfululizo, kila mara chini ya milisekunde moja. Fundi akaegemea kiti. Bosi akampa mkono. Dada wa mapokezi akapiga kigelegele kifupi cha kiofisi. Nami nikanyanyua simu kumpa Mama Stoo, msimamizi wa ghala, habari njema.

"Shikamoo mama. Tumewapata!"

"Marahaba mwanangu. Mmetupata wapi?"

"Kwenye mtandao. Kompyuta yako inatuitikia hapa."

Akanyamaza kidogo. "Hii ya kwangu? Mbona huku umeme umekatika tangu saa mbili?"

Nilirudia maneno hayo kwa sauti ili ofisi nzima isikie. Ofisi ikamtazama fundi, fundi akatazama kidirisha. Akapiga ping tena. Kompyuta ya mezani isiyo na umeme, iliyoko ng'ambo ya bahari, ikaitika kwa bashasha ile ile. Dada wa mapokezi akasogeza kiti chake nyuma, na midomo yake ikaanza kwenda kimya kimya. Bosi akauliza kama huenda ina betri. Hakuna aliyekumbuka kuitazama taa ya kijani ya ruta, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha zimika zamani.

Aliyekuwa akiitika alikuwa printa. Printa yetu wenyewe, pale pembeni karibu na kabati la mafaili, nayo ilikuwa na namba 192.168.1.10. Fundi alipoiandika namba hiyo kwenye kivinjari, ukatokea ukurasa wa printa ukimjulisha kwamba wino mweusi unakaribia kwisha.

Hapa lazima nieleze kidogo. Kila kifaa kwenye mtandao kina namba yake, na namba za mpango wa zamani ambao dunia bado inauegemea ni kama bilioni 4.3 tu, hazitoshi watu wote na vidude vyao. Kwa hiyo Februari 1996 wataalamu wa intaneti walitoa waraka uitwao RFC 1918, wakatenga mafungu matatu ya namba ambazo yeyote anaweza kuzitumia ndani ya nyumba au ofisi yake bila kumwomba mtu, mradi zisitoke nje. Ukiyajumlisha mafungu hayo unapata namba 17,891,328. Ni neema kubwa. Lakini ruta nyingi za ofisi ndogo hutoka kiwandani zikiwa zimewekewa fungu lile lile linaloanzia 192.168.1, na fundi mwenye haraka haligusi. Hivyo kati ya namba karibu milioni 18, mjini na Kigamboni tulikuwa tumejichagulia 256 zile zile.

Kompyuta ikipewa namba, kwanza hujiuliza: huyu ni wa kwangu humu ndani au ni wa nje? Akiwa wa humu ndani haihangaiki na ruta. Inaulizia mle mle chumbani. Umtume mtoto dukani kwa Mangi wa kona ya pili, na kona ya kwanza nayo iwe na duka la Mangi, ataishia la kwanza, atarudi na chumvi, na huna haki ya kumgombeza. Tangu fundi aunganishe mitandao, hakuna hata ujumbe wetu mmoja uliokuwa umelowa maji ya bahari.

Dawa yake inajulikana: upande mmoja ubadili namba. Upande gani? Hapo ndipo jambo la dakika chache lilipogeuka kuwa la kiutawala. Bosi alisema makao makuu hayahami. Mama Stoo, kwa simu, alitaka kujua kwa nini kila kukiwa na kuhama wanahamishwa watu wa Kigamboni, akaorodhesha mifano, mingine haikuhusu kompyuta kabisa. Fundi aliapa kwamba hakuna tofali litakaloguswa. Mwishowe ghala likapewa fungu jipya linaloanzia 192.168.20, na alasiri nzima printa yao haikuonekana, kwa kuwa kila kompyuta ilikuwa imefundishwa namba yake ya zamani. Kamera ya getini nayo ikapotea, ikaja kupatikana baadaye. Sitaki kuyasimulia hayo, yalikuwa kelele tupu.

Jioni fundi aliipigia ping ruta ya Kigamboni, na majibu yakarudi kwa milisekunde 38. Sasa akafurahi kwa sababu yamechelewa. Kabla sijafurahi naye, nilimpigia Mama Stoo kumuuliza kama umeme upo.

Upo, alisema, lakini bosi hakuwa na muda wa milisekunde. Yeye alifungua ile sehemu ya Windows inayoonyesha kompyuta za jirani, akaona zetu, hakuona za ng'ambo, akahitimisha kwamba Kigamboni haipo. Fundi alimweleza kwamba orodha ile hujazwa na kompyuta zinazojitangaza zenyewe, na kwamba tangazo hilo kwa kawaida huishia kwenye ruta. Haliruhusiwi kupita, maana lingepita basi mitandao ya dunia nzima ingekuwa inapigiana kelele usiku na mchana. Bosi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa. Lakini haipo."

Ikabidi tuzitaje kwa majina. Kompyuta ukishaiandikia kwamba jina fulani ni la namba fulani, haihitaji kusubiri tangazo. Na majina tulikuwa nayo, mazuri kabisa, yaliyowekwa na mtangulizi wangu katika cheo hiki kisicho na barua. Ya ghalani iliitwa KOMPYUTA-YA-MAMA-STOO. Ya mhasibu wetu hapa mjini iliitwa KOMPYUTA-YA-MAMA-MHASIBU. Sasa, utaratibu wa zamani wa majina ya kompyuta za Windows, uitwao NetBIOS, unakubali herufi 15 tu. Nafasi ya 16 imewekwa akiba ya kuonyesha aina ya huduma. Kinachozidi hukatwa bila msamaha. Hesabu mwenyewe kwa vidole: zote mbili zilikuwa zikijulikana kwa jina la KOMPYUTA-YA-MAM.

Kwa miaka yote hiyo kila moja iliishi kwake kwa amani na nusu ya jina. Fundi alipoliona jina la ghalani kwenye orodha akaliingiza lilivyo, na mhasibu akaambiwa abonyeze. Akabonyeza. Folda ikafunguka mara moja, akainama kuitazama, kisha akainuka ghafla hadi miwani ikamwanguka.

"Hee! Hawa watu wa ghala wanayo orodha yangu ya mishahara!"

Alikuwa ameshafika mlangoni kwa bosi ndipo fundi alipomkimbilia na kumwonyesha kwamba kompyuta yake, ikitafuta KOMPYUTA-YA-MAM, ilijikuta yenyewe. Alikuwa amefungua folda yake mwenyewe. Tulizibadili jina, moja ikawa GHALA1 na nyingine HESABU1, na hadi leo mhasibu anaona alishushwa cheo siku hiyo.

Majina sahihi, namba sahihi, njia ipo. Tukabonyeza. Kompyuta ikafikiri, ikafikiri zaidi, ikatoa jibu: 0x80070035, yaani njia haikupatikana. Mimi nina kinyongo na namba hii. Inatolewa kama kompyuta ya pili imezimwa, kama jina limekosewa, kama waya umechomoka, na kama kila kitu kiko sawa ila huruhusiwi kuingia. Karani wa ofisi yoyote ya umma angalau hukwambia urudi kesho.

Ajabu ni kwamba kule Kigamboni wenyewe kwa wenyewe walifunguliana folda bila shida. Fundi alikuna kichwa, akavuka maji kwenda kujionea, na kutoka huko akatupigia simu na maelezo. Ngome ya Windows, ile faiawoli, ina kanuni inayoruhusu kushirikiana mafaili, lakini kwa kawaida kanuni hiyo inawakubali wale tu walio kwenye fungu moja la namba. Mtu wa fungu lingine ni mgeni, hata kama ameingia kwa njia halali ya VPN. Nilikaa chini nikatafakari hali yetu. Tulipokuwa na fungu moja hatukufikiana kwa sababu tumefanana. Tulipotofautiana tukakataliwa kwa sababu hatufanani.

"Hilo dogo," fundi akasema. "Naizima faiawoli yote."

Ni mara chache nimepaza sauti kazini. Mlango ambao Windows inautumia kushirikiana mafaili ni namba 445, na ndio huo huo ambao kirusi cha WannaCry kiliupitia kuanzia tarehe 12 Mei 2017, kikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia kwa Bitcoin. Hospitali za Uingereza ziliwarudisha wagonjwa nyumbani. Microsoft ilikuwa imeshatoa dawa ya tundu lile tangu Machi mwaka huo, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimenyweshwa. Nilimweleza fundi yote hayo kwa simu, dada wa mapokezi akisikiliza na kuongeza "kweli kabisa" kila nilipopumua. Fundi akaiacha ngome isimame. Akafungua ile kanuni, na kwenye orodha ya wanaokubaliwa akaongeza mstari mmoja: fungu letu la mjini. Mambo mengi ya mtandao ndiyo yalivyo. Kazi ni kujua mstari uko wapi, kuuandika ni suala la sekunde.

Wakati yuko huko alikuta pia kompyuta ya pili ya ghala, kuukuu, bado ina Windows XP, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 8 Aprili 2014. Kompyuta ile inajua lugha moja tu ya kushirikiana mafaili, toleo la kwanza la SMB, ambayo asili yake ni kazi ya Barry Feigenbaum pale IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ndilo toleo lile lile lililokuwa na tundu la WannaCry, na tangu mwishoni mwa 2017 Microsoft ilianza kuliondoa kwenye Windows 10 mpya. Ama tulirudishe toleo hilo kwenye kompyuta zetu zote, ama mashine ile istaafu. Mama Stoo aliitetea. Haijawahi kuugua, alisema, si kama hizi zenu. Ikastaafu kwa heshima. Haiko kwenye mtandao wowote sasa, iko mezani kwake inapiga taarabu.

Nilianza kuzionea huruma hizi kompyuta. Kila tulipodhani zimeharibika, tulikuta zinatii. Mtu fulani mwangalifu, mahali fulani mbali, aliziambia msiitike wageni, msipitishe kelele, msizungumze lugha ya kizamani, nazo zimeshika neno. Sijui wafanyakazi wangapi wangeshika hivyo.

Baada ya ngome kukubali, kikatokea kisanduku kinachouliza jina na pasiwedi. Bosi alinitazama. Nilimpigia Mama Stoo.

"Mama, ukiwasha kompyuta, pale katikati pameandikwa jina gani?"

"Pameandikwa Reception2."

"Reception2 ndiye nani?"

"Mimi nitajuaje? Tuliinunua ikiwa imeshatumika. Nimemkuta humo."

"Na pasiwedi yake?"

"Pasiwedi ya nini, mwanangu? Chumba ni changu, ufunguo ninao mimi, nje kuna mlinzi, na mlinzi ana mbwa."

Hoja yake ilikuwa na nguvu, lakini Windows haikuwa na habari za mbwa. Akaunti isiyo na pasiwedi hufunguka kwa aliyekaa mbele ya mashine tu. Anayekuja kwa njia ya mtandao hukataliwa, na imekuwa hivyo tangu enzi za XP. Kwa maneno mengine, kuacha mlango wazi kulikuwa ndiko kulikotufungia nje. Ikabidi aweke pasiwedi. Alifikiri kidogo, akachagua jina la kitinda mimba wake na mwaka aliozaliwa, akatutajia kwa sauti ya ghalani, herufi moja moja, huku wapakiaji wakimsaidia pale aliposita. Tulimwomba achague nyingine. Ya pili aliiandika kwenye karatasi, karatasi akaitia nyuma ya kalenda, na mahali hapo panajulikana na kila mtu hadi muuza mihogo.

Hivyo ndivyo mkurugenzi wa kampuni, mtu mwenye kiti cha ngozi na mhuri wake mwenyewe, alivyojitambulisha kwa mashine kama Reception2, akaruhusiwa kupita.

Folda ikafunguka. Kilichofuata sikukitarajia, ingawa ningepaswa kukumbuka kile kikao ambacho hakuna aliyepinga. Fundi, katika kuharakisha, hakuwa amefungua folda moja ya STOO. Alikuwa ameifungua diski nzima. Bosi akawa anateremka taratibu kwenye orodha, nasi nyuma yake tukisoma. Palikuwa na mahubiri, nyimbo za kwaya, filamu za Kikorea zilizotafsiriwa, picha za ubatizo. Palikuwa na folda iitwayo CV MPYA, na ndani yake barua ya kuomba kazi kwa mshindani wetu, iliyoandikwa vizuri kuliko barua yoyote tuliyowahi kuwaandikia wateja. Na palikuwa na jedwali la michango ya harusi ya binti wa mpakiaji mmoja, lenye safu tatu: jina, ahadi, hali. Bosi akajitafuta. Akajipata. Mbele ya jina lake pameandikwa: ameahidi, hajatoa.

Hakusema kitu. Mchango ulitumwa mchana ule ule kwa simu, pamoja na ya kutolea.

Kufika asubuhi ya pili diski ya ghala ilikuwa safi. Huku mjini nako, ambako upande wa pili nao ulikuwa unaweza kuchungulia, watu walikuwa wamewahi kazini kuliko kawaida na kila mmoja alikuwa na flashi yake mkononi, akihamisha. Mhasibu alihamisha mishahara. Dada wa mapokezi alihamisha vitu ambavyo hakuvitaja. Wale walioafiki kwa sauti kikaoni ndio walioshughulika kwa muda mrefu zaidi. Fundi akazifunga diski, akaacha folda moja tu wazi, ndani yake faili moja tu. Halafu tukagundua kwamba tunaliona lakini hatuwezi kuhifadhi kitu, kwa kuwa Windows ina ruhusa mbili, ya folda kwenye mtandao na ya faili kwenye diski, na zikipingana inafuatwa ile kali. Alikuwa ameilegeza moja. Akailegeza ya pili, akachukua fedha zake, akaondoka akisema tukipata tatizo tumpigie, ila hakutazama nyuma aliposema hivyo.

Tukawa sasa na faili moja, ofisi mbili, kama bosi alivyotaka. Excel inapofunguliwa kwa namna hii inamkubali mwandishi mmoja kwa wakati mmoja. Wa pili anaambiwa faili limefungwa na fulani, anaweza kulisoma, asiguse. Fulani huyo kila siku alikuwa Reception2. Mama Stoo hufungua faili saa moja na nusu asubuhi pamoja na chai, na kwa maadili yake mtu hafungi kitabu cha kazi kabla kazi haijaisha. Akienda kukagua saruji, faili liko wazi. Akienda kuswali, liko wazi. Simu kati ya mjini na Kigamboni, ambazo mtandao ulitakiwa kuzipunguza, zikawa hazikatiki. "Mama, toka!" "Natoka." "Mama, bado umo!" "Nimetoka, ni hiyo mashine yenu."

Akachoka yeye kabla yetu. Ijumaa moja ikaja karatasi, imepigwa mhuri wa ghala pande mbili: RATIBA YA KUINGIA KWENYE FAILI. Ghala, asubuhi mpaka saa sita. Mauzo, saa sita mpaka saa saba. Hesabu, saa saba mpaka saa nane. Bosi, saa nane mpaka saa nane na nusu. Baada ya hapo ghala tena mpaka kufunga. Chini yake ameandika kwamba atakayebaki ndani baada ya zamu yake atatolewa, na kumbe anaweza; fundi alikuwa amemwonyesha pa kubonyeza.

Juzi mteja mkubwa alikuwa amekaa mbele ya bosi, na saa nne ilikuwa haijatimia. Bosi hakunituma mimi. Alipiga mwenyewe, akaweka sauti ya nje ili mteja asikie jinsi kampuni inavyokwenda kisasa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Habari za huko?"

"Nzuri. Naomba utoke kwenye faili kidogo, nina mteja hapa anataka bati."

"Anataka ngapi?"

"Mia mbili, geji 28."

"Zipo. Mwambie alete gari."

"Nataka niziandike kwanza, mama."

"Zamu yako saa nane, baba. Hizo nimeshakuandikia."